Kumpongeza, Kumsifu au Kumuenzi? Kitenzi cha Kuchagua Unapoandika Risala

Septemba na Oktoba, kabla vijana wa kidato cha nne hawajaingia kwenye mtihani wa taifa wa Novemba, mahafali mjini Tabora hufuatana. Ongeza hapo hafla za kuwaaga wastaafu, mikutano ya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, vikundi vya wafuga nyuki vinavyogawa vyeti, na misiba, ambayo haina msimu. Penye meza kuu pana risala, na nyuma ya kila risala yupo mtu aliyekaa na kalamu akijiuliza aandike "tunakupongeza", "tunakusifu" au "tunakuenzi".

Wengi hujinasua kwa kuvifunga vyote pamoja: "Tunakupongeza, tunakusifu na tunakuenzi." Sentensi hiyo inajaza kinywa, lakini anayeambiwa anarudi nyumbani bila kujua ni lipi hasa watu waliliona kwake. Tatizo linaanzia kwenye dhana kwamba vitenzi hivi ni ngazi, kidogo chini na kikubwa juu, kwa hiyo ukipanda zaidi umeheshimu zaidi. Si ngazi. Kila kimoja kina kazi yake, na mtu aliyetumikia watu maisha yake yote anastahili tumtafutie kilicho chake.

## Tunavipima kwa nini

Nimevipima kwa mambo matano. Kinagusa nini kwa mtu: tendo alilofanya, tabia aliyonayo, au alama aliyoiweka? Nani anamwambia nani? Kinakaaje katika sentensi, hasa baada ya neno "kwa"? Kinaharibika wapi? Na mwisho, kinamfaa mwandishi wa namna gani?

Kuna pia jaribio la haraka ambalo mtu anaweza kulifanya kichwani: chomeka -ji- ndani ya kitenzi usikie kinageuka kuwa nini. Kujipongeza si kosa. Kikundi kikimaliza msimu vizuri kinachinja mbuzi na kusema "leo tunajipongeza", na hakuna anayenuna. Kujisifu, kinyume chake, ni lawama tayari. Kujitukuza ni kiburi cha wazi. Na kujienzi watu hawasemi kabisa. Jaribio hilo linaonyesha jambo kubwa: pongezi mtu anaweza hata kujipa mwenyewe, sifa sharti itoke kinywani mwa mwingine, na enzi hutolewa na watu wengi, kwa muda mrefu.

## Kupongeza

Kinagusa nini. Tendo, hasa lililofika mwisho wake. Mtu amefaulu, amejifungua salama, ameteuliwa, amemaliza kujenga. Jamaa yake wa karibu ni "hongera". Pale ambapo ungemshika mtu mkono na kumwambia hongera, hapo unaweza kumpongeza kwa maandishi. Hongera isipoingia, pongezi nazo haziingii.

Nani kwa nani. Ndicho kilicho huru kuliko vingine. Mkuu wa wilaya anampongeza mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa anampongeza mkuu wa wilaya siku ya kuteuliwa kwake. Anayesikiliza Bunge redioni anajua jinsi mbunge anavyoanza na pongezi kwa Rais, kwa waziri na kwa naibu waziri, ndipo aifikie barabara ya jimboni kwake. Mahali kinapokwaruza ni pale mdogo anapompima mkubwa kwenye kazi ambayo mdogo huyo haijui. Mwanafunzi akisema "nakupongeza mwalimu kwa kufundisha vizuri", anasikika kama mkaguzi aliyetoka wilayani. Hapo panataka shukrani.

Katika sentensi. Hudai "kwa" ikifuatwa na tendo la anayepongezwa: "Tunawapongeza wanakikundi kwa kuvuna masega yaliyokomaa tu na kuleta asali isiyonuka moshi." Kwa mtu wa Tabora sentensi hiyo imekamilika, maana anajua ugumu wa kufukiza nyuki kwenye mzinga wa gome na bado ukatoa asali safi.

Kinapoharibika. Kinapotolewa mahali pa shukrani. Aliyewaletea mabati ya darasa msimpongeze kwa kuwachangia. Aliyefaidika ni ninyi, basi mshukuruni. Anayepongeza husimama pembeni akafurahia ushindi wa mwenzake.

Kinamfaa nani. Mgeni rasmi, kiongozi, ofisi inayoandikia ofisi, na yeyote anayemfahamu mhusika kwa matokeo yake tu.

## Kusifu

Hiki ndicho kinachokwepwa sana kwenye risala za siku hizi, eti kinasikika kama maneno ya kumpaka mtu mafuta. Nakitetea kwa nguvu zote.

Kinagusa nini. Tabia na ubora. Tangazo la kazi likiandika "sifa za mwombaji", halimsifu mtu. Linataja anavyotakiwa kuwa. Darasani, kivumishi cha sifa ni kile kinachosema kitu kikoje: kirefu, cheusi, kizito. "Wasifu" nao ni maelezo ya mtu alivyo na alivyoishi. Maneno hayo yote yametoka kwenye shina moja la Kiarabu lenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Kwa hiyo kumsifu mtu, tangu asili, ni kusema yukoje. Aliyesimama akasema "kwa kweli mzee huyu namsifu sana", kisha akakaa, bado hajasifu.

Tabora ina mfano wake mkubwa wa sifa iliyolengwa. Januari 1958 TANU ilikutana mjini hapa ikiwa imegawanyika vikali juu ya uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliona kuukubali ni kudhalilika. Mwalimu Nyerere alisimama akawashawishi waingie kwenye uchaguzi hivyo hivyo, wakaingia, na waliokuwa wakiungwa mkono na TANU wakashinda. Uamuzi ule unaitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Wangeweza kuuita mkubwa, wa kishujaa au wa kihistoria. Wakachagua neno moja, busara, na ukilisikia tu unajua ulikuwa uamuzi wa namna gani: kumeza kichungu leo kwa ajili ya kesho. Huko ndiko kusifu. Sifa moja iliyopigwa mahali pake imedumu kuliko hotuba nyingi za siku zile.

Hata Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizaliwa na jina jingine. Hilo tunalomjua nalo alilipata vitani, na linasimulia namna watu walivyomwona.

Nani kwa nani. Asifuye mvua imemnyea. Methali hiyo inatosha kuwa sheria. Anayesifu awe ameona kwa macho yake: mwalimu mwenzake, jirani, mgonjwa aliyeuguzwa, mkulima aliyepimiwa tumbaku yake bila kupunjwa. Mgeni rasmi aliyefika asubuhi ile na kupewa jina la mhusika kwenye karatasi akimsifu, watu wanajua kuwa anasoma. Mgeni apongeze, jirani asifu. Ukipanga ratiba ya hafla, kumbuka mgawanyo huo, kwa sababu wapangaji wengi humpa mgeni dakika thelathini na jirani dakika mbili.

Katika sentensi. Kuna njia mbili. Unaweza kumsifu mtu ("tunamsifu kwa uadilifu wake") au kuisifu sifa yenyewe ("tunausifu uadilifu wake"). Ya pili ina uzito wa kiofisi na inakaa vizuri kwenye cheti. Njia yoyote utakayoshika, baada ya sifa mlete shahidi. "Tunamsifu muuguzi huyu kwa subira yake. Mama aliyefika usiku wa manane na mtoto mwenye homa hakuwahi kumsikia akipandisha sauti." Sentensi ya kwanza imetaja, ya pili imethibitisha. Ukiwa na nafasi ya moja tu, andika ya pili. Wasikilizaji wataitaja subira wenyewe.

Na "kusifia"? Ni ndugu yake wa barazani, na mara nyingi hubeba harufu ya kuzidisha: "usimsifie sana, atavimba kichwa." Kwenye karatasi rasmi baki na kusifu. Katika kutendwa vyote viwili huwa "kusifiwa", na hapo wasiwasi unaisha.

Kinapoharibika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu huitumia methali hii kukataa kusifu kabisa, nami naona wameikaza mno. Kinachomharibu mgema ni sifa isiyo na mpaka, ile inayomwambia kuwa kila alitendalo ni zuri. Ukimsifu kwa usafi wa vibuyu vyake, umemwonyesha kwamba vibuyu vinatazamwa. Sumu halisi ya kusifu ni sifa za jumla. "Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" zimesomwa kwenye kila hafla kiasi kwamba zimebaki kama salamu. Chukua risala yako, futa jina la mhusika, weka la mwingine. Ikiendelea kusomeka sawasawa, anza upya.

Kinamfaa nani. Mwandishi aliyeishi au kufanya kazi na mhusika, na aliye tayari kukaa akakumbuka siku mojamoja.

## Kuenzi

Kinagusa nini. Alama ya mtu, ile inayobaki watu wakiendelea kuitumia. Enzi ni mamlaka na heshima, na pia ni wakati wa mamlaka hayo. Tunasema kiti cha enzi, tunasema enzi za watemi, na Mwenyezi maana yake ni mwenye enzi. Kumuenzi mtu ni kumwekea nafasi ya heshima katika maisha yenu na kuitunza nafasi hiyo.

Kila 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, nchi nzima hutumia kitenzi hiki. Tabora ina haki ya ziada ya kukitumia, kwa sababu Mwalimu alisoma sekondari hapa kuanzia mwaka 1937 na baadaye akarudi kufundisha. Mirambo anaenziwa na Shule ya Sekondari Milambo, kwa jina tu lililoandikwa kwenye kibao na kwenye beji za wanafunzi. Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani, anaenziwa kila mzee wa Unyanyembe anapomsimulia mjukuu habari zake.

Nani kwa nani. Ni kitenzi cha kundi: ukoo, shule, chama, taifa. Mtu mmoja akimwambia mwenzake "nakuenzi", anasikika kama yuko kwenye shairi la mapenzi, na huko kitenzi kinapendeza sana, lakini si kwenye barua ya ofisi.

Kinaweza kutumiwa kwa aliye hai? Kwa maana yake, ndiyo. Tunaenzi lugha, tunaenzi mila, tunaenzi misitu ya miombo inayotulishia nyuki, na vyote hivyo vipo hai. Kwa masikio ya watu, ni hatari. Tumekisikia mno kwenye kumbukizi, kikanasa harufu ya makaburini. Chukua mazungumzo kama haya, kwenye steshenari yoyote ya karibu na soko, kati ya kijana anayechapa na katibu wa kikundi aliyeleta karatasi yake:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka bango la kumuaga mwenyekiti wetu."

"Hapa umeandika 'Hafla ya Kumuenzi Mzee Wetu'. Poleni na msiba, mama."

"Msiba gani? Mzee yupo, tena kesho anakaa meza kuu!"

"Basi tuweke 'Hafla ya Kumuaga na Kumshukuru'?"

"Weka hivyo hivyo, baba. Nisije nikamuua mzee wa watu kwa bango."

Kijana yuko sahihi, ingawa kamusi isingemkosoa yule mama. Bango husomwa na mpita njia ambaye hana kamusi mkononi.

Katika sentensi. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndilo jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa risala alishike. Katika kupongeza na kusifu, neno "kwa" huleta jambo la anayesemwa: tunampongeza kwa kufaulu kwake, tunamsifu kwa uadilifu wake. Katika kuenzi, "kwa" huleta jambo la wanaosema: "Tutamuenzi kwa kuilinda chemchemi aliyoipigania." Anayelinda ni sisi. Kwa hiyo kuenzi ni ahadi, na anayeitamka amejifunga mbele ya watu. Ukisoma "tunamuenzi marehemu kwa ukarimu wake", ujue mwandishi alitaka kusifu akashika kitenzi kisicho chake.

Kuhusu tahajia, magazetini limeenea "kumuenzi", na wapo wanaoandika "kumwenzi" kwa kufuata kanuni ya m kukutana na irabu. Shika moja na usilibadilishe ndani ya karatasi moja.

Kinapoharibika. Kinapokosa tendo. "Tutaendelea kumuenzi daima", nukta, watu wapige makofi. Nauliza kwa dhati: kwa kufanya nini? Kama kikundi hakijakubaliana, kikae kikubaliane kabla risala haijachapwa.

Kinamfaa nani. Wenye jambo la kuendeleza na nia ya kuliendeleza.

## Vya jirani, kwa kifupi

Kutukuza na kuhimidi vina makao yao msikitini na kanisani. Kuhimidi ni cha Mungu peke yake, hakuna haja ya kukipeleka kwa binadamu. Kutukuza kinaweza kumfikia mtu, lakini kwa Watanzania wengi kumtukuza mwanadamu ni shutuma: "mnamtukuza mno." Kusifu, kwa upande wake, kinavuka pande zote bila shida. Anasifiwa Mungu, Mtume anasifiwa kwenye maulidi, na mpishi wa pilau ya maulidi hayo anasifiwa vilevile.

Kutunuku kinataka mambo mawili: kitu cha kutoa, iwe shahada, nishani au cheti, na mtu mwenye mamlaka ya kukitoa. Kutuza ni cha ngomani na harusini, pale manju anapokoleza wimbo na watu wanakwenda kumwekea noti. Usiseme chama "kimemtunuku" mtu maneno mazuri.

## Kulingana na hali yako

Ukiandika risala ya wahitimu, wanaosema ni wanafunzi, basi walimu washukuruni. Wahitimu wapongezwe na mgeni rasmi, nanyi mkitaka kusifu, sifuni jambo moja mlilolishuhudia: mwalimu aliyerudi jioni kufundisha hesabu, mpishi ambaye hakuwahi kuchelewesha uji.

Kwa mstaafu aliye hai, msifuni na kumshukuru. Pongezi nazo zinaingia, kwa kuwa kumaliza utumishi salama ni jambo la hongera. Kuenzi kiache, isipokuwa kama mnaanzisha kitu kwa jina lake siku hiyohiyo, na mkitaje mara moja ndani ya sentensi ileile ili asiwepo wa kudhani vingine.

Cheti kina mistari miwili au mitatu tu. Kama ni cha ushindi, "kwa kumpongeza" kisha tendo na mwaka. Kama ni cha utumishi, andika sifa moja, si tatu: "kwa uaminifu wake katika kutunza fedha za chama". Maneno "kwa kutambua mchango wake" yameenea kwenye vyeti vingi. Hayana kosa, ila hayasemi mchango gani, na cheti kitaning'inia ukutani miaka mingi kikisomwa na wajukuu ambao hawatakuwa na wa kumuuliza.

Barua ya kiofisi kwa aliyeteuliwa ni pongezi, fupi. Kumsifu mtu kwa cheo ambacho hajakikalia ni mapema, na msomaji mkali ataona unaomba kitu.

Ukiandikia mfadhili, anza na shukrani. Kama amefanya jambo lake jingine la kufurahisha, mpongeze kwa hilo kwenye aya nyingine, usichanganye.

Msibani, wasifu wa marehemu ni mahali pa kusifu kuliko pote, na ndipo watu wanapoharakisha zaidi. Tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, idadi ya watoto, kisha ugonjwa: hayo ni muhimu, lakini tenga angalau aya moja ya alivyokuwa, iandikwe na aliyeishi naye, si na aliyejitolea kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kama ukoo umeshakaa na kuamua jambo, kwa mfano kumsomesha mtoto wake wa mwisho au kutouza shamba lake la miembe, basi mwishoni andikeni kuwa mtamuenzi kwa hilo, na mlitaje waziwazi mbele ya waombolezaji. Kama hamjaamua, ishieni kwenye sifa na dua.